Mjadala: Kuni za kupanda na dizeli ya kujitengenezea, ni nishati jadidifu au tunajidanganya?

Kisiki (mleta mada):
Wakuu, salaam. Leo naleta hoja itakayonitoa jasho, maana upande ninaotaka kuukosoa ndio niliousimamia mwenyewe kwa miaka.

Tumezoea kusema hivi: mti umekula hewa ukaa ulipokuwa unakua, ukiuchoma unairudisha, ukipanda mwingine unaikusanya tena, hesabu imefungwa. Na jirani anayegeuza mafuta yaliyokwisha kukaangia kuwa dizeli tunampigia makofi. Mimi napanda miti ya kuni, sina ugomvi na moto. Ugomvi wangu ni na hilo neno "jadidifu", yaani kinachojirudisha bila kwisha, tunavyolimwaga kila mahali kama chumvi.

Kuni hazijadidiki kwa sababu tu zimetoka kwenye mti. Kinachoamua ni miaka. Ukiangusha mti wa miaka 60 ukauchoma ndani ya wiki moja, hewa ukaa yake iko angani leo, na mche uliopanda jana utahangaika nayo hadi wajukuu wako wazeeke. Ukikata machipukizi ya miaka 4 juu ya kisiki kilicho hai, mizizi ikabaki ardhini na kuchipua tena, deni hilo hulipwa kabla hujasahau siku uliyokata. Vyote viwili huitwa kuni, na vyote viwili hupewa sifa ileile.

Tena moshini pale, kuni si safi kuliko makaa ya mawe. Kwa kila megajuli (kipimo cha nishati) moja ya joto, kuni hutoa takriban gramu 112 za hewa ukaa, makaa ya mawe gramu 95, gesi asilia 56. Faida yote ya kuni iko shambani, kwenye kukua upya. Kama hakuna kukua upya, hakuna faida.

Kwa hiyo msimamo wangu: kuni zipandwe kwa mzunguko mfupi na zitumike kwa joto tu. Mafuta ya kujitengenezea yabaki kwa kile ambacho tayari ni taka. Anayelima mbegu ili aendeshe gari anajisumbua. Nawasilisha.

Fundi Nozeli:
Mkuu, mada nzito, lakini umetupiga mawe mafundi kabla hatujafungua mdomo. Wazo la kuendesha injini kwa mafuta ya mbegu halikuzaliwa jana kwenye intaneti. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 kulikuwa na injini ndogo ya dizeli iliyoendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe, mvumbuzi wa injini hiyo, baadaye alilizungumzia jambo hilo kwa uzito. Injini haikuwahi kuwa na shida na mimea. Shida ni sisi.

Na kwa wanaodhani ni kumwaga mafuta kwenye tangi na kuwasha, sikilizeni. Mafuta ya mimea ni mazito, nozeli, yaani kile kipulizia mafuta cha injini, haiwezi kuyapulizia vizuri, yanaacha masizi. Ndiyo maana yanapikwa: unachuja, unaondoa maji yote, unapasha hadi nyuzi 55 hivi, unachanganya na methanoli kiasi cha mililita 200 kwa lita, iliyoyeyushiwa kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni). Mafuta mapya yanataka kostiki gramu 3.5 hivi kwa lita. Yaliyokwisha kukaangia yanataka zaidi, na lazima upime asidi yake kwanza. Ukiacha yatulie, glisirini inazama chini, dizeli inakaa juu. Kisha unaosha kwa maji, unakausha.

Mara yangu ya kwanza nilijiona mjanja, nikaruka hatua ya kuondoa maji. Sikupata dizeli, nilipata sabuni. Ndoo nzima. Mara ya pili nikaruka kuosha, na hapo nozeli ndizo zilizonifundisha adabu, na ndiyo asili ya jina langu hapa.

Halafu methanoli si kitu cha kuchezea jikoni. Mvuke wake ni sumu, ukiingia mwilini unaweza kukupofusha, inachemka kwenye nyuzi 65, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Mtu anaweza kuwa anaungua na asijue moto uko wapi. Fanyieni nje, mbali na watoto.

Lakini baada ya kusema yote hayo: mafuta yaliyokuwa yamwagwe mtaroni yanaendesha injini yangu. Hilo nalo mnalipinga?

Kisiki:
Silipingi, Fundi. Soma tena aya ya mwisho ya hoja yangu, tuko pamoja hapo. Ninachouliza ni mafuta ya kukaangia yako wapi ya kutosheleza hata mtaa mmoja? Wewe uliwahi, ukapata. Wakija kumi kama wewe mtagombania ndoo.

Mzee wa Mizani:
Niruhusuni nilete kalamu. Chukueni hekta moja.

Ikipandwa miti ya kukata na kuchipua, ardhi ikiwa nzuri kiasi, tuseme inatoa tani 10 kavu kwa mwaka. Kila tani ina gigajuli 18 hivi (gigajuli moja ni megajuli 1,000). Jumla 180.

Hekta hiyohiyo ikipandwa alizeti au mbegu nyingine ya mafuta, ukikamua tani moja ya mafuta ushukuru. Hiyo ni gigajuli 37. Na hapo sijatoa dizeli ya trekta, mbolea, wala ile methanoli ya Fundi, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa kutokana na gesi asilia. Yaani hata hiyo dizeli ya nyumbani ina mguu mmoja kwenye kisima cha gesi.

Sasa msishangilie miti haraka. Gigajuli 180 ni sawa na megawati-saa 50. Nchi za tropiki, jua linalopiga hekta hiyo kwa mwaka linafika megawati-saa 18,000. Mti umekamata chini ya asilimia 0.3. Paneli za jua, hata ukiacha nafasi kubwa kati ya safu, zitakupa zaidi ya mara 20 ya mti, tena umeme, si joto ghafi. Kwa hiyo mtu akiniambia anapanda msitu ili azalishe umeme, namuuliza kwanza kama ameishiwa na paa.

Mlusina:
Mzee wa Mizani, hesabu zako hazina kosa ila zina kiburi. Paneli haishiki udongo mlimani. Paneli hairutubishi shamba, haikupi nguzo wala kivuli wala majani ya mifugo. Mti wa mlusina na jamii yake huchota naitrojeni hewani na kuiweka ardhini. Mimi sipandi kuni, napanda mpaka wa shamba unaozuia upepo, na kuni ni kile ninachopunguza. Hekta yako moja ya makaratasi haipo kwangu. Ninayo mistari.

Na kuna jambo mnaloliruka: usiondoe kila kitu. Majani na vitawi vyembamba ndimo ilimo sehemu kubwa ya rutuba. Gogo lina kaboni nyingi, chakula cha udongo kidogo. Ukibeba gogo ukaacha majani, na majivu ukayarudisha, shamba linakuvumilia. Naitrojeni hairudi kwenye majivu, imeenda na moshi. Potasiamu na kalisi zinabaki. Ukifagia hadi jani la mwisho ili uuze kama nishati jadidifu, unachimba mgodi, hulimi.

Halafu kabla hamjasifu zao lolote la mafuta linalostawi kwenye ardhi kavu isiyofaa kitu, kumbukeni mbono kaburi (jatrofa). Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitangazwa dunia nzima kama mmea wa miujiza. Kweli haufi kwenye ukame. Ila kutokufa si kuzaa. Ardhi duni ilitoa mbegu duni, na waliotaka mavuno wakajikuta wanatafuta ardhi nzuri na maji, yaani vilevile vinavyotakiwa na chakula.

Moshi Machoni:
Nimewasoma wote. Mnahesabu kaboni, hekta, naitrojeni. Mimi ndiye ninayeinama mbele ya huo moto wenu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Mafiga matatu yanaingiza kwenye sufuria asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Lingine linapasha ukuta, paa na mapafu yangu. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza kuni zinajadidika kwa miaka 4 au 60, niulizeni nazibeba kutoka wapi, kwa saa ngapi. Mti utachipua, sawa. Mgongo haujadidiki.

Mzee wa Mizani:
Hapo nanyamaza.

Kisiki:
Mama, umenigusa, na sina majibu ya kukuridhisha. Nina jambo moja tu ninaloliona kwa macho yangu kila siku: kuni mbichi. Mti uliokatwa leo nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya hiyo inakupa megajuli 8 hivi, kwa sababu moto unatumia nguvu kuyachemsha maji hayo kwanza. Iache ipasuliwe, ipangwe juu juu isigusane na ardhi, ifunikwe juu na iachwe wazi ubavuni, maji yashuke hadi asilimia 20, kilo moja inakupa megajuli 14. Na moshi unapungua kabisa, maana moshi ule mweupe ni kuni iliyopikwa bila kuungua. Gonga vipande viwili: vikilia kwa mlio mkavu, viko tayari, vikilia bubu, rudisha bandani. Ongeza jiko linalobana moto na kupitisha hewa vizuri, kuni zinazohitajika zinapungua kwa nusu au zaidi. Huko ndiko ningeanza, kabla hata ya kupanda mche.

Na mkaa ndio unaonitia hasira. Tani moja ya kuni zilizokaushwa hadi hiyo asilimia 20 ya maji ina gigajuli 14. Ukiifukia kwenye tanuri la udongo ukapata kilo 150 za mkaa, una gigajuli 4 na kidogo. Theluthi mbili na zaidi zimeishia kwenye tanuri. Najua mkaa hauna moshi mwingi na ni mwepesi kubeba, simlaumu anayeupikia. Ila mkaa wa miti ya porini isiyopandwa tena, kuuita jadidifu ni matusi.

Moshi Machoni:
Kupanga bandani nimekuelewa. Asiye na banda je? Anayeokota leo ili apike leo?

Fundi Nozeli:
Wakati mleta mada anatafuta jibu, niwape kioja cha kutuliza moyo. Vita Kuu ya Pili, petroli ilipokosekana, Ulaya iliendesha mamia ya maelfu ya magari kwa kuni. Si mvuke: unaziunguza kwa hewa kidogo ndani ya pipa, zinatoa gesi, gesi inaingia kwenye injini. Kilo 3 hivi za kuni kavu kwa kila lita ya petroli. Dereva alikuwa anachochea, anakwangua lami, anatoa majivu, kisha ndiyo safari. Na gesi yenyewe imejaa kaboni monoksaidi, ukiiacha ivuje bandani hutaamka. Petroli iliporudi, yale mapipa yalitupwa haraka. Watu wakiacha kitu haraka hivyo, kitu hicho kimejieleza.

Mgeni wa Leo:
Mbona hakuna aliyetaja bayogesi, ile gesi ya samadi?

Mlusina:
Kwa sababu haina ubishi mwingi, mgeni. Una mifugo na maji, chimba mtambo. Gesi inayotoka ni methani asilimia 60 hivi, unapikia bila moshi, na tope linalobaki ni mbolea bora kuliko samadi ya kuanzia. Mita moja ya ujazo inakaribia nusu kilo ya gesi ya mtungi. Huna mifugo au maji ya kuchota ni shida, basi haikuhusu. Ila usiiache ivuje, methani inayopotea hewani ni mbaya zaidi ya hewa ukaa.

Mzee wa Mizani:
Narudi na moja tu, linahusu wakubwa. Kuna mitambo mikubwa ya umeme, kama Drax kule Uingereza, iliyoacha makaa ya mawe ikahamia vidonge vya kuni (mbao iliyosagwa na kushindiliwa), vingi vikivuka bahari kutoka Marekani. Kwenye daftari, hewa ukaa ya kuni haiandikwi kwenye bomba la moshi. Inatakiwa iandikwe kule mti ulikokatwa. Utaratibu huo una mantiki yake ikiwa muuzaji na mnunuzi wote wanaandika. Mmoja akiandika vibaya, tani zinapotea katikati ya bahari. Hapo ndipo hoja ya Kisiki kuhusu miaka inaponibana. Vumbi la mbao lililokuwa lioze pembeni ya kiwanda lina jibu moja, na gogo lililokuwa lisimame miaka 40 zaidi lina jibu lingine, na kidonge kikishasagwa huwezi kuvitofautisha.

Kisiki:
Ahsante, Mzee. Mlusina, naiacha hekta ya Mzee, nakubali mistari yako. Hata mimi ukiniuliza vizuri, miti yangu mingi iko mpakani. Fundi, endelea na ndoo zako, ila andika hizo hatua za kuosha kwenye uzi wako mwenyewe, kuna watakaosoma nusu.

Mama, kuhusu anayeokota leo apike leo. Nimelizungusha tangu uulize. Huyo hafai kuambiwa apande miti asubiri miaka 4, wala akaushe miezi 8. Anahitaji gesi, hata kama ni ya kisukuku, yaani ya kuchimbwa ardhini, na mimi mpanda miti naandika hivyo kwa mkono wangu. Mnaotaka kunishukia, uwanja ni wenu.