Mawakala wa Kampala, Jozani si kituo cha kupigia selfi

Wakuu, habari za wikendi. Uzi huu ni wa kila anayeuza safari za Zanzibar kutoka hapa Uganda, na wa kila anayekusanya laki zake mwaka mzima ili azinunue. Hali imefika pabaya, na tukinyamaza tutakuwa tumeikubali.

Yatazameni matangazo yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila Pasaka, Idi na Krismasi zinapokaribia. Yanafanana kama yametolewa fotokopi: siku moja, pomboo wa Kizimkazi, msitu wa Jozani, mashamba ya viungo, kisiwa cha Changuu na fungu la Nakupenda. Anayeijua ramani ya Unguja anajua huo ni uongo. Kizimkazi iko ncha ya kusini. Jozani iko kiunoni mwa kisiwa, kama kilomita 35 kutoka Mji Mkongwe. Mashamba ya viungo yako huko Kizimbani na Kidichi, juu ya mji. Changuu na Nakupenda unakwenda kwa mashua kutoka mjini, na Nakupenda ni fungu la mchanga linalomezwa na bahari maji yakijaa. Huwezi kuyamaliza yote hayo kati ya macheo na machweo. Lazima kitu kifyekwe, na kinachofyekwa siku zote ni msitu. Watu wanashushwa saa sita na nusu mchana wamevaa kandambili, wanapewa dakika ishirini, wanapiga picha, wanarudishwa garini. Kisha wanakuja kusema Jozani haina kitu.

Wauzaji hao ndio hao hao wanaopeleka watu Bwindi na Kibale, hifadhi zetu za gorila na sokwe hapa Uganda, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kanuni wanazijua kwa moyo. Kwa gorila, wageni hawazidi 8 kwa kundi, muda ni saa moja, umbali ni mita 10, na mwenye mafua haruhusiwi kupanda. Hakuna wakala anayethubutu kumwambia mteja amsogelee gorila amshike bega. Na sababu wanaijua: mwaka 2013 kule Kanyawara, ndani ya Kibale, kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu kiliingia katika jamii ya sokwe 56, wakafa watano. Ni kirusi ambacho mtoto wa shule anapangusa makamasi siku tatu na kupona. Sasa mteja huyo huyo akivuka kwenda Unguja, kwa nini anaambiwa “kule nyani wamezoea, unaweza kukaa nao bega kwa bega”? Banange, mafua hayaachwi uwanja wa ndege.

Kwanza si nyani. Ni kima punju, mbega mwekundu wa Zanzibar, Piliocolobus kirkii. Ni ndugu wa mbega wekundu wa Kibale lakini ni spishi nyingine, na kwa asili yake haishi popote duniani nje ya Unguja na visiwa vidogo vilivyo jirani. Wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya sabini. Basi ugonjwa ukiingia Jozani, hakuna msitu wa bara wa kwenda kuchukua wengine.

Halafu kuna hili la kumrushia ndizi. Tumbo la kima punju lina vyumba, na ndani yake kuna bakteria wanaochachusha majani polepole. Tunda bivu lina sukari nyingi, linachacha haraka mno, gesi na asidi vinajaa, na mnyama anaumwa. Chakula chake ni majani machanga, machipukizi na matunda mabichi. Karibu na vijiji anakula pia mkaa wa kuni, kwa sababu majani ya mkungu na mwembe anayoyapenda yana sumu ndogo ndogo ambazo mkaa unazinyonya. Ukitulia ukamtazama akila utaona kitu ambacho picha ya haraka haikupi: kipande cha mkaa kimeshikwa kwa vidole vinne vilivyokunjwa kama ndoano, dole gumba halipo, pamebaki kinundu tu, na midomo imezungukwa na weusi. Kwa hilo unahitaji nusu saa ya kukaa kimya mita kadhaa mbali, wala huhitaji ndizi.

Sasa naomba msome hapa kwa makini, maana ndipo wizi ulipo. Barabara kuu ya kusini inapita katikati ya makazi ya kima punju, na mara nyingi wako juu ya miti ya mashamba kando ya lami. Baadhi ya madereva wanaokodiwa na mawakala wetu hawaingii getini kabisa. Wanasimamisha gari kwenye matuta ya barabarani, watu wanashuka, wanapiga picha, safari inaendelea, na ada ya hifadhi ambayo mteja ameshailipa Kampala inabaki mfukoni mwa mtu. Madhara ni mawili. La kwanza ni ajali. Matuta yale yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga kima wanapovuka, na ingawa vifo vilipungua, havijaisha. Kundi la watu likisimama lamini na kupiga mbinja, wanyama wanateremka au wanaruka upande usio wao, na gari la nyuma halijui. La pili ni wakulima. Kima wanakula minazi michanga na mazao ya watu wa Pete na vijiji jirani, na watu hao wanavumilia kwa sababu sehemu ya mapato ya geti inarudi kwao. Sisi Waganda tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine wote. Sheria yetu inataka asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini iende kwa jamii zinazopakana na hifadhi, na kila mtu anajua kelele zinazotokea pesa hizo zikichelewa. Anayekwepa geti la Jozani anamwibia mkulima aliyeacha kima ale nazi yake.

Hifadhi yenyewe, kwa jina kamili Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ilitangazwa mwaka 2004. Ina kama kilomita za mraba 50, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar. Ziara kamili ina vipande vitatu: njia ya msituni, sehemu ya kima punju ng'ambo ya barabara, na daraja la mbao la mikoko upande wa Pete. Tenga saa mbili na nusu hadi tatu. Msitu unasimama juu ya maji yaliyo karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo masika, Machi hadi Mei, sehemu za chini zinafurika na njia inakuwa tope. Kandambili haziwezi. Vaa viatu vya kufunika na suruali ndefu, kwa sababu siafu wapo. Fika asubuhi mapema au baada ya saa tisa alasiri. Katikati ya mchana kima wanapumzika juu wakisaga majani tumboni, hawana mwendo wowote, na ndio muda ambao mawakala wetu wanapenda kuwapeleka watu.

Mikoko ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu hata wanaoingia getini hawafikishwi huko, na wanaofikishwa wanafika maji yakiwa yamejaa. Maji yakijaa unaona majani na maji, basi. Yakipwa unaona mizizi ya mkoko ilivyosimama kama miguu ya buibui, vidole vya pumzi vya mchu, aina nyingine ya miti ya mikoko, vimetoka matopeni kwa mamia, na kaa wanaingia na kutoka mashimoni. Geuza jani la mchu uligusishe ulimi: ni chumvi, mti unaitoa kupitia majani. Muulize mwongozaji akuonyeshe tofauti ya mkoko, mchu, msinzi na mkandaa, anaijua.

Kupanga muda wa maji si uchawi. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Unguja yanapwa sana kama saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika kama 50. Kwa hiyo siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, msitu na kima asubuhi mapema, kisha mikoko saa nne hadi saa tano, unapata kila kitu. Wakala anayepokea milioni za watu na hajawahi kufungua jedwali la maji kupwa na kujaa anauza asichokijua.

Kizimkazi nako tusijidanganye. Pomboo wa kule ni wa mwituni, wanakaa karibu na pwani kulisha, kupumzika na kunyonyesha. Mashua kumi zikiwazunguka, injini zinanguruma, watu wanarukia mbele ya vichwa vyao, pomboo wanaacha kupumzika na kuanza kukimbia, wanazama muda mrefu zaidi, na ndama anatenganishwa na mama. Kama mnauza safari hiyo, mwambieni nahodha kabla ya kuondoka: mashua ikae pembeni yao, isiwakate mbele, injini ishushwe, na watu wasirukie kundi lenye ndama. Nahodha akikataa, msipande.

Kuhusu karatasi za safari, nitasema kwa ufupi ingawa malalamiko ni mengi. Kadi ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Uganda, na chanjo inahesabika baada ya siku 10 tangu uchomwe. Wakala anayekuuzia tiketi Jumatatu ya kuondoka Ijumaa bila kukuuliza kadi amekuuzia matatizo. Ukishachanjwa inatosha maisha yote, usikubali kuuziwa upya. Kitambulisho cha taifa kinachokuvusha mipaka ya Busia na Katuna hakikufikishi Zanzibar, beba pasipoti. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar imeweka bima ya lazima kwa wageni wa kutoka nje, kwa hiyo uliza kama imo kwenye bei uliyotajiwa na kama ni bima yao, si ya Kampala. Shilingi zetu zibadilishe kabla, huko mtaani hazina soko.

Kabla hujatuma pesa kwa simu, dai haya kwa maandishi: ada ya geti la Jozani iwe kwenye mstari wake peke yake, saa ya kufika getini, jina la kila kipande mtakachotembea, na mahali pa kwenda pasizidi pawili kwa siku. Jozani na Kizimkazi zinakaa pamoja, au Jozani na ufukwe wa Paje au Jambiani. Viungo na Changuu ni siku nyingine. Getini omba risiti, na usiruhusu papasi, yaani dalali wa mtaani, kukuingiza kwa njia ya pembeni kwa bei ya nusu. Asiye na haja ya wakala apande daladala ya Jambiani (309) au Makunduchi (310), zote zinapita mlangoni, ashuke, alipe mwenyewe, apewe mwongozaji.

Mawakala mliomo humu, jibuni hapa hapa mbele ya watu: nani kati yenu yuko tayari kubandika mfano wa risiti ya mteja yenye ada ya hifadhi?

NYONGEZA: Naona maswali ya namna ya kujua kama dereva anakudanganya. Lango la Jozani lina jengo la mapokezi, maegesho, ubao wa hifadhi na waongozaji wenye sare. Kama gari limesimama kwenye matuta, pembeni ni miembe na mashamba, na hakuna aliyekuandikia jina kitabuni, hujaingia. Mwambie dereva awashe gari aende mbele hadi getini.