Mjadala: Akiba ya mafuta kwenye ndege ndogo ipandishwe hadi saa moja?

Mleta mada: Wakuu, kuna aina ya ajali inayoniumiza kuliko zote: injini haina hitilafu, rubani ana uzoefu, ila tangi ni kavu. Mwaka 2017 NTSB, taasisi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilitahadharisha kwamba usimamizi mbovu wa mafuta huleta ajali zaidi ya 50 kwa mwaka kwenye ndege zisizo za mashirika. Karibu nusu ya marubani waliohusika walikuwa na leseni ya biashara au ya juu zaidi. Wanafunzi walikuwa wachache mno.

Sheria ya huko inasema anayeruka mchana kwa kutazama nje asianze safari bila mafuta ya kumfikisha, pamoja na ya dakika 30 za ziada. Usiku ni dakika 45. Liangalieni hilo neno "asianze", maana hesabu hufanyika ndege ikiwa bado chini. Safari ya maili 330 kwa mwendo wa maili 110 kwa saa ni ya saa tatu. Upepo wa mbisho wa maili 20 ambao utabiri haukuutaja unaifanya saa tatu na dakika 40. Akiba yote imekwisha na uwanja hujauona, ilhali uliondoka kihalali kabisa. Nataka saa moja, iwe sheria.

Mchangiaji wa kwanza: Napinga, mkuu. Huyo rubani aliona muda unakwenda, akavipita viwanja vya njiani. Hapo tatizo ni uamuzi. Halafu ndege hizi ukipakia watu wanne, mara nyingi huwezi kujaza matangi pomoni. Utamshusha nani? Na yule aliyekausha tangi la kushoto huku la kulia lina mafuta, akasahau kugeuza vali, saa yako moja itamfaa nini?

Mleta mada: Huyo wa vali haitamfaa, nakubali. La uzito silikubali. Cessna 172 hunywa takriban lita 32 kwa saa, kwa hiyo nusu saa ya ziada ni lita 16. Petroli ya ndege ina kilo 0.72 hivi kwa lita, jumla haifiki kilo 12. Hapo anashushwa begi, si mtu. Na uamuzi unaousema unahitaji muda. Mwenye saa nzima mkononi anaweza kugeuza bila hofu.

Mchangiaji wa pili: Mimi nafundisha urubani, na wanafunzi wangu nawataka saa moja tangu siku ya kwanza. Geji hawaruhusiwi kuiamini: wanapanda juu ya bawa, wanatumbukiza kijiti, wanasoma wenyewe. Lakini kwenye sheria nasita. Hizo dakika 30 za sasa hakuna anayezikagua ndege ikiondoka, matangi hupimwa baada ya ajali. Mleta mada, saa yako moja nani ataihakiki?