Ryzen 5 5600: feni ya boksi au ninunue nyingine?

Swali: Wadau wa Kisumu, Wraith Stealth, yaani feni iliyokuja ndani ya boksi la prosesa yangu ya Ryzen 5 5600, itahimili joto letu nikicheza gemu?

Jibu: Itahimili. Prosesa hiyo ni ya wati 65, kikomo chake nyuzi 90. Ikibaki chini ya nyuzi 85 ukicheza, pesa weka kwenye kadi ya picha. Kasha la kompyuta tu liwe na feni ya kuvuta hewa mbele na ya kuitoa nyuma.

Jibu: Kweli, ingawa kelele ya feni hiyo inakera. Ukiamua kubadilisha, pasha mashine dakika 10, zima, chomoa umeme, legeza skrubu 4 kwa mshazari, kisha zungusha kipoza (feni na chuma chake) taratibu kabla ya kukiinua. Ukikivuta wima, pesti ya kupitisha joto iliyoganda hung'oa prosesa na pini hupinda. Pima kasha pia: kipoza chenye kimo cha milimita 155 hakiingii kila mahali.