Naomba ushauri: nijadili vipi sheria za bunduki Marekani bila kuishia kwenye matusi?

Wakuu, nikibishana mtandaoni na Wamarekani kuhusu bunduki, huwa nataja Australia: baada ya mauaji ya Port Arthur mwaka 1996, serikali ilinunua kutoka kwa raia silaha zaidi ya 600,000. Najibiwa kwamba Australia haina Marekebisho ya Pili ya Katiba (kipengele cha Katiba ya Marekani kinacholinda haki ya kumiliki silaha). Hoja hiyo siwezi kuibeza, maana mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kuwa kumiliki silaha ni haki ya mtu binafsi. Ila hukumu hiyohiyo ilisema haki hiyo ina mipaka, na nikifika hapo tu matusi yanaanza (wa upande wangu ndio wakali zaidi). Mliowahi kuelewana na wamiliki wa bunduki, mlianzia wapi? Ukaguzi wa wanunuzi, au utunzaji wa silaha nyumbani?