Oili ya haidroliki imeingia maji: nimwage yote, nitulize na kuchuja, au nikodi mashine?

Mkulima wa Mabogini
Habari za kazi wanajukwaa. Oili ya haidroliki ya trekta langu imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, na mikono ya nyuma inayoinua plau inapanda kwa kusitasita, hasa asubuhi. Nina njia tatu. Ya kwanza ni kumwaga oili yote na kujaza mpya. Ya pili, iliyopendekezwa na fundi mmoja hapa Moshi, ni kuiacha oili itulie kwenye pipa, kuondoa maji yanayokaa chini, kuichuja na kuirudisha. Ya tatu ni kukodi mashine ya kuchujia, ambayo nimeambiwa inapatikana Arusha kwenye karakana za makatapila. Maandalizi ya mashamba ya mpunga yamekaribia na sitaki kutumia fedha mara mbili. Ipi ni bora?

Fundi Pasua
Pole, ndugu, ila umetuletea ugonjwa bila kumleta mgonjwa. Trekta ni la aina gani? Haidroliki ina tangi lake, au inatumia oili moja na gia boksi na difu? Breki ziko ndani ya oili? Maji yaliingilia wapi? Tena, una hakika kwamba ni maji? Bomba la kufyonza likivuta hewa, oili huwa nyeupe vilevile, lakini ukiiweka kwenye chupa angavu mapovu hupanda na rangi yake hurudi baada ya muda mfupi, ilhali yenye maji hubaki na ukungu hata kesho yake. Unaweza pia kudondosha tone moja juu ya bamba la chuma lenye moto. Likichachatika na kuruka, hayo ni maji. Vaa miwani unapofanya hivyo.

Mama Shamba Kahe
Natetea njia ya tatu. Watu wanahangaika na maji na kusahau uchafu. Jicho la mtu haliwezi kuona chembe iliyo ndogo kuliko mikroni 40 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na nafasi kati ya vyuma vya pampu ni mikroni chache tu, kwa hiyo oili unayoiona kwa macho kuwa safi inaweza kuwa inasaga pampu yako kila siku. Mashine nzuri inachuja hadi mikroni 10 au chini ya hapo, na hulazimiki kutupa oili ambayo bado ina uhai.

Fundi Pasua
Mama, kuhusu uchafu tuko pamoja. Lakini filta ya kawaida hupitisha maji yaliyokwisha kuchanganyika na oili. Mashine hiyo iwe na filta ya kunyonya maji au iwe ile inayoyavuta kwa ombwe. Vinginevyo atalipia kodi na kurudi na oili nyeupe ileile, ikiwa imepungua mchanga.

Mzee wa Karatu
Kijana wa Mabogini, njia ya pili naomba uiache kabisa. Trekta la kikundi chetu liliingia maji kupitia raba iliyochanika kwenye wenzo wa gia, likiwa limelala nje masika nzima. Gereji moja ikatuambia kwamba kumwaga oili ni kutupa fedha. Wakaichemsha kwenye pipa lililokatwa, juu ya moto wa kuni, wakaipitisha kwenye kitambaa na kuirudisha. Kwa macho ilitakata, nasi tukaenda kulima Mbulumbulu. Msimu haukuisha kabla plau haijaanza kushuka yenyewe dereva akiwa anakata kona, kisha pampu ikaanza kulia kwa sauti nyembamba iliyozidi kadiri oili ilivyopata joto. Tulipofungua, chujio la chini lilikuwa limefunikwa na ute wa rangi ya kahawia, beringi zilikuwa na vidoa vya kutu, na pistoni za pampu zilikuwa na mikwaruzo ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Filta ya karatasi ilikuwa imevimba kwa maji hadi ikaziba, na ikiziba, vali ya pembeni hufunguka ili mfumo usikose oili. Maana yake ni kwamba oili ilikuwa ikizunguka bila kuchujwa hata kidogo. Moto ule ulitoa sehemu ya maji na kuunguza dawa zilizowekwa kwenye oili kulinda chuma. Kikundi kilinunua pampu, na oili tuliyoambiwa tuiokoe tukaimwaga palepale.

Mkulima wa Mabogini
Shikamoo mzee, nakushukuru. Fundi, trekta ni MF 290 (Massey Ferguson), nililinunua likiwa limetumika. Nalitumia na rotaveta, jembe la visu vinavyozunguka, kwenye majaruba, na maji hufika usawa wa eksili. Tone limechachatika.

Fundi Pasua
Sasa tunazungumza. Hapo oili ni moja kwa gia, difu, mikono na breki, na pampu yenyewe inaoga humo ndani, kwa hiyo anayeumia si pampu peke yake. Tena, oili nyingi za aina hiyo zina viungo vinavyoshikilia maji ili yasitulie mahali pamoja na kuozesha chuma, ndiyo maana hata ukiisubiri kwenye pipa wiki nzima huenda isijitenge. Mwaga ikiwa ya moto, fungua nati zote za chini, safisha chujio la pampu, kisha badilisha sili (raba ya kuzuia uvujaji) ya shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha rotaveta, na za eksili kabla ya kujaza. Ukijaza oili mpya na sili ni zilezile, utakuwa umenunua oili ya kunyweshwa mfereji.

Dereva Magugu
Akishamwaga, atie dizeli, awashe injini na kuinua mikono mara kadhaa ili kusuuza. Sisi hufanya hivyo na trekta linatoka safi.

Mzee wa Karatu
Dereva, dizeli ni nyepesi mno kulainisha pampu iliyo kazini, na inayobaki kwenye silinda na mabomba itaizimua oili mpya. Asuuze kwa oili ya daraja lilelile, atembee nayo kidogo, aimwage, ndipo ajaze ya kudumu.

Mama Shamba Kahe
Mnamwambia anunue oili mara mbili wakati kijana amesema wazi kwamba hataki kutumia fedha mara mbili. Na mbona hakuna aliyeuliza kama anavuta tela la kubinua la watu wengine, linaloinuliwa kwa oili ya trekta? Koplingi ya bomba lake ikiburutwa kwenye vumbi na kuchomekwa bila kufutwa, na ndani ya silinda ya tela kuna oili ya mwenzake, atarudi hapa kabla ya mavuno.

Mkulima wa Mabogini
Ni kweli mama, huwa naazima tela la jirani.

Dereva Magugu
Basi chanzo ni tela, si majaruba.

Fundi Pasua
Tela linaweza kuleta uchafu na hata maji, lakini kwa trekta linalozama hadi eksili mimi naanza na sili. Na oili chafu usiimwage karibu na mfereji, maana maji hayo yanakwenda kwenye jaruba la mwenzio; ikusanye kwenye madumu uwapelekee wanaopokea oili chakavu.

Mama Shamba Kahe
Naomba apige hesabu ya mashine kwanza, kisha aseme. Na oili mpya ainunue kwa wakala mwenye risiti, kwa sababu ndoo yenye nembo nzuri si ushahidi wa kilichomo.

Mkulima wa Mabogini
Nitaulizia bei ya mashine na ya sili kabla sijaamua. Fundi, je, sili ya PTO inatoka bila kugawa trekta?

Fundi Pasua
Inatokea nyuma, hakuna haja ya kugawa. Tuma picha ya shafti kwanza, kwa sababu ikiwa imelika pale mdomo wa sili unapokaa, sili mpya nayo itavujisha.