Naomba ushauri: mwanga wa jikoni katika picha za mapishi

Wapendwa wanachama, mimi ni mwanafunzi ninayepiga picha za maisha ya kila siku, na ingawa zile za mitaani hazinisumbui, za mapishi ya nyumbani hunitatiza, kwa kuwa mwanga wa dirishani wenye ubuluu hukutana na wa taa ya manjano, na kamera haiwezi kusawazisha rangi zote mbili kwa pamoja. Nikizima taa, mvuke unaomulikwa kutoka nyuma huonekana vizuri, lakini hulazimika kupunguza kasi ya shata (kilango cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga), na mikono ya mpishi hutoka na ukungu wa mwendo (ambao, kusema kweli, wakati mwingine huupenda). Je, nianze na lenzi ya f/1.8, yenye tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, au kadibodi nyeupe ya kurudisha mwanga upande wenye kivuli yatosha?