Mjukuu wa miaka minne asiyetulia: Zoo ya Lubumbashi na Kipopo, siku moja inatosha?

Kambo wa Katuba
Jambo yenu wote. Jumapili moja ya mwezi wa nane tunataka kumtoa mjukuu, miaka minne, kilo 16. Huyu hatembei, anakimbia, na ukimshika mkono anajilegeza mwili mzima mpaka akuponyoke. Watu wazima ni watatu: mimi bibi yake, babu yake mwenye goti bovu, na mama mdogo wake. Motoka tunayo mpaka saa kumi na moja jioni. Tulifikiri asubuhi Zoo, mchana Kipopo, nje ya mji, kula samaki kando ya maji. Je, inawezekana? Chakula gani kisiharibike njiani? Na kwenye maji tumchunge namna gani?

Papa Kampemba
Mama, chagueni kimoja. Mtoto wa umri huo anaangalia wanyama saa moja na nusu, zikizidi sana mbili. Baadaye anatafuta tu nani atambeba, na babu mwenye goti ndiye atakayeombwa kwanza. Mkiongeza Kipopo atasinzia ndani ya motoka mkikaribia kufika, mtamwamsha, na kilio hicho kitawafuata mpaka nyumbani.

Zoo iwe asubuhi, mlango ukifunguliwa tu. Mwezi wa nane kunakuwa na baridi ya kutetemeka mapema, halafu kufika saa sita jua linachoma, maana mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Mvalisheni nguo za kuvuliwa moja moja: fulana, shati la mikono mirefu, sweta juu. Kofia iwe na ukingo wa kufunika masikio na shingo.

Anzeni na simba, kabla joto halijamlaza kivulini. Mtoto akiona mgongo tu wa mnyama aliyelala anaokota jiwe amwamshe, na hapo ugomvi na walinzi unaanza. Nyani muwaache mwisho, wao wanachezacheza hata saa sita. Kwa mamba msikae sana: hasogei, mtoto anadhani ni gogo.

Msimkalishe juu ya ukuta wala chuma cha uzio kwa ajili ya picha, hata kama mmemshika. Na karibu na nyani asiwe na ndizi wala biskuti mkononi. Nyani ananyakua chakula pamoja na ngozi. Akikwaruzwa au kuumwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Msingoje kidonda kivimbe.

Mama wa Ruashi
Mimi najibu la chakula. Wali na bukari (ugali) yenye mboga ya mafuta viacheni nyumbani. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa mbili kwenye joto, vijidudu vinazaana, na wali ni hatari zaidi kwa sababu sumu ya vijidudu vyake haiondoki hata ukiupasha moto tena. Mayonezi, hapana kabisa.

Bebeni mayai ya kuchemsha yenye maganda yake (yamenyeni palepale), viazi vitamu vya kuchemsha, mandazi, ndizi. Karanga nzima na bonbon (pipi) ngumu msimpe: chini ya miaka mitano, tena mtoto anayekimbia huku anatafuna, karanga moja inaingia kwenye njia ya hewa.

Maji: chupa ya lita moja na nusu, ijazeni nusu, ilazeni ubavu kwenye frigo ya barafu usiku, asubuhi ongezeni maji safi. Inabaki baridi mpaka mchana na inapoza mayai ndani ya kikapu. Msimsubiri aombe maji, maana akiwa kwenye mchezo haombi. Mpeni mafunda machache kila nusu saa. Pakiti moja ya SRO (chumvi ya kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha) iwe ndani ya mkoba, ya kuchanganya na lita moja kamili ya maji, si kikombe. Mkipunguza maji chumvi inazidi na inamdhuru.

Fundi Waya, mtaa wa Kenya, Lubumbashi
Kuhusu kujilegeza. Akifanya hivyo, watu wanamvuta juu kwa mkono. Msifanye. Mtoto wa umri huo mfupa wa kiwiko unachomoka kwa mvuto mmoja wa ghafla. Utaona mkono unaning'inia na hataki kuugusa. Mvalisheni mkoba mdogo wa mgongoni na mshike kishikio chake cha juu. Hapo hata akijilegeza, mnashika mwili, si kiungo.

Namba ya simu iandikeni kwa biki kwenye mkono wake wa ndani, juu yake bandikeni plasta angavu ya kuonyesha namba, jasho lisiifute. Asubuhi mpigeni picha na nguo alizovaa: akipotea, mlinzi mtamwonyesha picha, maana kwa woga watu husahau hata rangi ya shati. Na mchungaji awe mmoja kwa jina, mpeaneni zamu kwa sauti: «Sasa ni wewe.» Watu wazima watatu wakiwa wote wanachunga, hakuna anayechunga.

Mkienda Kipopo siku nyingine, nendeni na motoka ya waya, ile ya kuchezea. Mtoto anayesukuma motoka yake anatembea mbali bila kuomba kubebwa.

Maji yenyewe asiingie hata miguu. Kwenye maji matamu yaliyotulia yenye matete hukaa konokono wa bilharzia (kichocho), na kijidudu chake kinapenya ngozi kwa dakika chache. Chamba ya gurudumu (mpira wa ndani wenye hewa) si kinga: mtoto anateleza kwenye tundu lake na upepo unaipeleka ndani. Kwenye mtumbwi avae jaketi la kuokolea la kilo zake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mjaribu nchi kavu, liinueni kwa mabega: likimpita kidevu, ni kubwa. Na mtoto anayezama hapigi kelele, kwa hiyo anayemchunga akae mahali mkono unamfikia.

Kambo wa Katuba
Aksanti sana. Basi ni Zoo tu, saa tano na nusu tunarudi, alale kwake. Papa Fundi, hiyo motoka inatengenezwa na waya wa namna gani? Tuko na waya wa kufungia matofali.

Fundi Waya, Kenya
Huo ni laini, unafaa kufungia viungo tu. Mwili wa motoka unataka wa milimeta 3. Magurudumu: vifuniko vinne vya makopo ya maziwa, kingo mzikunje ndani kwa koleo, kisha tobo katikati kwa msumari. Matobo yasipokaa katikati sawasawa, motoka inayumba na atawarudishia baada ya hatua kumi. Ekseli ipindeni ncha zote mbili, gurudumu lisitoke. Fimbo ya usukani imfikie kitovuni mtoto akisimama: ikiwa fupi anainama na kuchoka, ikiwa ndefu inamgonga kidevu akikwama kwenye jiwe. Kila ncha ya waya ikunjwe iwe pete, halafu mpitishe kidole mwenyewe kabla ya kumpa.